Punda akila asumini, wa kulaumiwa ni nani?

Alfajiri ya mji wa Amu haianzi kwa honi ya gari. Huanza kwa adhana, ikafuata sauti ya punda, na baada ya punda, mara nyingi, ikafuata sauti ya mwanamke aliyesimama mlangoni pake akilalama. Chungu chake cha asumini kimepinduliwa. Udongo umemwagika kichochoroni, na mche alioutunza tangu kaskazi iliyopita umebaki kijiti kitupu. Punda mwenyewe yupo hatua chache mbele, ametulia tuli, kana kwamba shauri hilo halimhusu. Kila mtu mtaani anamjua ni wa nani. Lakini mwenye punda bado amelala, na akiamka atajibu kwa maneno ambayo wakazi wa kisiwa hiki wameyasikia mara nyingi: mnyama hana akili, ungaliweka ua lako ndani.

Jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ni kweli kwamba mnyama hajui mpaka wa baraza ya mtu. Lakini je, kwa kuwa mnyama hana akili, ndipo mwenye mnyama naye apate ruhusa ya kuiweka yake kando?

Huenda msomaji aliye mbali na visiwa hivi akaona kuwa hili ni jambo dogo lisilostahili wino wa gazeti. Nami nakubali kuwa Lamu ina mambo makubwa zaidi: ardhi, usalama, bandari, samaki waliopungua. Hata hivyo, ua katika chungu si pambo tu huku kwetu. Asumini, rehani, waridi na mkadi ndiyo malighafi ya vikuba na makoja ambayo bila hayo harusi haijawa harusi. Ziko nyumba ambamo mama hupata fedha za matumizi madogo ya kila siku kwa kushona koja na kuliuza jioni. Katika chungu kilicho jirani na asumini mna nanaa, mchaichai na pilipili za mchuzi. Isitoshe, maji ya kunyweshea mimea hiyo si ya bure. Mji wa Amu kwa miaka mingi umetegemea maji matamu yaliyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na kila mwenye kuishi kisiwani anajua maana ya kuhesabu maji kata kwa kata. Punda anapopindua chungu, amemwaga miezi kadhaa ya kazi ya mtu ambaye, aghalabu, hana shamba jingine ila hicho chungu.

Wazee waliojenga nyumba za mawe za Amu walilijua tatizo hili na walikuwa na jibu lake. Nyumba ya kale ya Mswahili haikuonyesha bustani yake nje. Mtu alipita daka, akapita tekani, ndipo akafika kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, ambako jua na mvua viliingia lakini punda na mbuzi hawakuingia. Maua yalikaa humo, na wenye nyumba wakaishi kwa amani na wanyama wa kichochoroni. Ulinzi wa mimea ulikuwa umejengwa ndani ya ramani ya nyumba yenyewe. Mji wa kale ulipotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, watu walisifu milango iliyonakshiwa na zidaka za chokaa. Ni wachache waliokisifu kiwanda. Leo nyumba nyingi zinazojengwa hazina kiwanda kabisa. Maua yamehamia barazani na juu ya paa, na huko yamekutana na maadui ambao mababu zetu waliwafungia nje.

Basi kabla ya hukumu na tuanze kwa ushahidi, maana hapa ndipo mwalimu na mwanafunzi wanapoweza kutusaidia. Mara nyingi mtu hukuta mmea wake umeliwa, akakimbilia kumtukana mnyama wa kwanza anayemwona. Hiyo ni dhuluma, kwani kila mnyama huacha saini yake.

Sungura, awe wa porini au wa kufugwa, ana meno makali ya mbele juu na chini, na nyuma ya yale ya juu ana mengine mawili madogo. Kwa hiyo hukata kijiti mkato safi wa mshazari, mfano wa uliokatwa kwa kisu. Mbuzi hana meno ya mbele juu. Ana ufizi mgumu tu. Hubana jani na kulivuta, hivyo mahali alipokula huonekana pamechanika. Punda ana meno ya mbele juu na chini, tena ana nguvu za shingo. Hula jani pamoja na tawi, na pengine hung'oa mche na mizizi yake. Kunguru hung'oa miche michanga na kubeba vijiti na kamba kwa ajili ya kiota chake. Kuku huparura udongo akitafuta wadudu, na mizizi ikabaki nje juani. Panya hufukua mbegu usiku. Paka hali kitu, ila huona udongo laini wa chungu ni mahali pazuri pa haja yake, akachimba na kufukia. Konokono huacha njia ya ute unaong'aa asubuhi. Mwanafunzi aliyejua kusoma alama hizi hatamsingizia punda dhambi ya panya.

Tukishamjua mwizi, kumzuia si kazi kubwa. Dawa nyingi zimo nyumbani mwetu na hazigharimu fedha.

Kwa paka na kuku, tandaza juu ya udongo wa chungu makombe ya baharini, vipande vya matumbawe au makumbi ya nazi. Paka hapendi kuchimba mahali pakavu penye makali, na kuku hapati udongo wa kuparura. Zaidi ya hayo, tandazo hilo huzuia jua lisikaushe maji, na kwa hiyo lina faida mara mbili. Kwa panya, usafi ndio mlinzi wa kwanza: miiba ya samaki na makombo ya wali yakiachwa karibu na vyungu, panya atakuja kwa makombo na atabakia kwa mbegu.

Kwa mbuzi na punda, jambo la maana ni kimo. Chungu kilicho sakafuni ni sahani iliyoandaliwa. Kitundikwe ukutani kwa kigingi imara au kiwekwe mahali palipopita kimo cha mtu, na mbali na baraza ambayo mbuzi anaweza kuipanda, kwani mbuzi husimama kwa miguu miwili na kufika mahali usipomtarajia. Asiye na mahali pa juu na azungushe fito za mikoko chungu chake, zikae karibu karibu kiasi kwamba pua haipiti. Mshubiri ukipandwa kando kando husaidia kidogo kwa uchungu wake, ingawa mnyama mwenye njaa kali hachagui ladha. Hapa pana onyo moja. Wako watu wanaopanda oleanda kwa kuwa ina maua mazuri na haiguswi na mbuzi. Ni kweli mnyama mwerevu huiepuka, lakini mti huo una sumu kali kwa punda, kwa mbuzi na kwa binadamu pia. Nyumba yenye watoto wadogo haiufai.

Kunguru ana habari yake peke yake. Kunguru huyu mwembamba mwenye shingo ya kijivu si wetu kwa asili. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili asafishe taka, akafika Mombasa kufikia miaka ya 1940, na tangu hapo ameenea mwambao wote akila mayai na makinda ya ndege wetu wa asili. Watu hudhani pilipili itamfukuza. La hasha! Pilipili humwasha mnyama anyonyeshaye, kama panya, mbuzi, tumbili na sisi wenyewe, lakini ndege hawausikii ukali wake. Ndiyo maana ndege hula pilipili mbivu na kuzisambaza mbegu zake kila mahali. Sanamu ya kuwinga ndege nayo humdanganya kunguru siku mbili tatu tu, kisha huja kutua juu ya kichwa chake. Dawa yake ni wavu. Nasi watu wa visiwani tunakosaje wavu? Kipande cha jarife kuukuu, kikivutwa vizuri juu ya fito nne, hulinda miche yote iliyo juu ya paa. Lakini kivutwe kweli kweli. Wavu uliolegea hunasa ndege na mijusi wasio na hatia.

Haya yote ni rahisi, na hata hivyo kila mwaka wapo wanaochagua njia iliyo rahisi zaidi, nayo ni sumu. Mtu aliyechoka hununua sumu ya panya au dawa ya kuulia wadudu wa shambani, akaichanganya na kitoweo na kuiweka kando ya chungu. Hapo ndipo jambo dogo linapogeuka kuwa kubwa. Sumu haijui jina la mtu iliyekusudiwa. Panya akifa, paka humla. Na paka wa Amu ndio wanaouwekea mji huu panya katika idadi inayovumilika. Mzoga ukitupwa ufukoni, ndege wa baharini huula. Mtoto anayetambaa naye hatofautishi kitoweo cha panya na chake.

Nchi yetu imelipa ada ya somo hili. Dawa ya Furadan ililetwa kwa ajili ya wadudu wa mimea, lakini wafugaji waliokuwa na uchungu wa ng'ombe wao waliitia katika mizoga ili kuulia simba. Walikufa simba, na pamoja nao fisi na tai wengi, mpaka mnamo 2009 mtengenezaji akalazimika kuiondoa katika soko la Kenya. Sheria nazo ziko wazi. Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inamhesabu mwenye kumlisha mnyama sumu kwa kusudi kuwa mkosaji, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu raia kujiulia mnyama wa pori apendavyo. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilipotangaza mpango wa kupunguza kunguru milioni moja katika Pwani, sumu iliyotajwa ilikuwa ya kutumiwa na wataalamu wenye leseni. Tangazo hilo halikuwa cheti cha kumruhusu kila mwenye chungu cha rehani kufungua duka la sumu nyumbani kwake.

Sasa turudi kwenye swali letu: punda akila asumini, wa kulaumiwa ni nani?

Swali hili ni la kale kuliko mji wa Amu. Katika Sura ya Anbiyaa mna habari ya Nabii Daudi na Nabii Suleimani walipoletewa kesi ya kondoo walioingia usiku katika konde la watu na kulila. Wafasiri wamesimulia kwamba Daudi aliona kondoo wenyewe wapewe mwenye konde, wawe fidia. Suleimani, angali kijana, alitoa rai nyingine: mwenye konde achukue kondoo kwa muda, anufaike na maziwa na sufi yao, naye mwenye kondoo alilime na kulitunza lile konde mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mmoja arejeshewe mali yake. Tazama hekima iliyomo. Mnyama hakuuawa, mwenye mnyama hakufilisika, na mwenye konde hakuambiwa kwamba mnyama hana akili. Aliyeharibu kwa uzembe alishika jembe, akajua kwa mikono yake mwenyewe thamani ya kile mnyama wake alichokila.

Imepokewa pia kuwa ngamia wa sahaba mmoja aliingia bustani ya watu na kuiharibu, na Mtume akahukumu kuwa wenye bustani wazilinde bustani zao mchana, na wenye wanyama wawe na dhamana ya kile wanyama wao walichokiharibu usiku. Sijui kanuni iliyo fupi na ya haki kuliko hiyo. Mchana punda yumo kazini na watu wako macho. Mwenye ua ana wajibu wa kulinyanyua ua lake. Usiku watu wamelala. Mwenye punda ana wajibu wa kumfunga punda wake. Kila mmoja ana zamu yake, wala hakuna aliyebebeshwa mzigo wa mwenzake.

Lakini tusiishie kumwambia mwenye punda afunge kamba. Tuulize kwa nini punda yule yuko kichochoroni usiku. Mji huu hauna malori. Mawe ya matumbawe, chokaa, mchanga, saruji, boriti, magunia ya unga na madumu ya maji vimepita katika vichochoro vyetu juu ya mgongo wa punda kwa karne nyingi. Tunamshangilia katika mashindano yake wakati wa Maulidi. Mwaka 1987 wageni kutoka Uingereza walifungua hapa hospitali ya punda, kwa kuwa waliona hali zao. Lakini jua likitua, mwenye mali humfungua punda na kumwacha ajitafutie, na kisiwa hakina malisho ya kutosha. Punda ameumbwa kwa nchi kavu. Hula majani magumu, magome na hata maboksi anayoyakuta jaani, na kabla ya marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 wako waliomeza mifuko hiyo ikawaziba matumbo. Mnyama wa namna hiyo akikuta asumini mbichi iliyonyweshewa jioni, nani atamwambia asile?

Kwa ukweli usiofichwa, punda yule ni mfanyakazi aliyenyimwa ujira. Mwenye punda aliyeona uzito wa kununua mganda mmoja wa majani jioni hakuokoa kitu. Amehamisha gharama yake kutoka mfukoni mwake na kuiweka mlangoni mwa jirani. Punda amelishwa, lakini aliyelipa ni mwenye chungu. Huo ndio msingi wa ugomvi, wala si ukosefu wa akili wa mnyama.

Serikali ya kaunti nayo haiwezi kukaa pembeni. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti kazi ya udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na mahali pa kuwaweka na kuwatunza. Maneno hayo yakitekelezwa Lamu yana maana ya zizi la usiku lenye maji na majani, na alama ya kumtambulisha kila punda na mwenyewe. Faini peke yake haitatosha, maana faini humwadhibu maskini mwenye punda mmoja na kumwacha mwenye punda kumi. Hukumu ya Suleimani ingalifaa zaidi: anayemwachia punda usiku apande tena kile kilicholiwa, akinyweshee, mpaka kitoe maua.

Yanayotokea barazani Amu yanatokea kwa ukubwa zaidi ng'ambo ya pili, bara. Huko Hindi, Mokowe, Witu na Mpeketoni, mkulima wa mahindi, ndizi au korosho hapigani na punda wa jirani. Hupigana na nyani, tumbili, nguruwe mwitu na sungura, na karibu na Ziwa Kenyatta hupigana na kiboko. Nyati na ndovu nao wana njia zao. Mkulima hujenga dungu na kukesha akiamia shamba lake. Kila mwalimu wa bara anajua kuwa mara nyingine anayekaa dunguni ni mtoto ambaye angalikuwa darasani, na ambaye hata akifika darasani, husinzia. Kwa hiyo swali la kumzuia mnyama asile mmea ni swali la elimu pia.

Sungura wa pori la bara anastahili neno la pekee, kwa kuwa wanafunzi humjua kwa hekaya kuliko kwa macho. Sungura wa hekaya humshinda simba kwa hila. Huyu wa kweli hachimbi shimo. Hulala mchana katika kijitako kidogo kwenye nyasi na hutoka usiku. Watoto wake huzaliwa wakiwa na manyoya na macho wazi. Yule tunayemfuga vibandani ni wa ukoo mwingine, asili yake ni kusini-magharibi mwa Ulaya. Huyo huchimba, na watoto wake huzaliwa vipofu na bila manyoya. Tofauti hii ina maana katika ulinzi. Wavu wa chuma wenye matundu madogo, wa kimo cha magoti na zaidi, humtosha sungura wa pori. Lakini shule inayofuga sungura karibu na bustani yake sharti iufukie wavu chini ya ardhi, ama watatokea upande wa pili.

Aliyewahi kuona madhara ya kuzembea na sungura wa kufugwa ni Mwaustralia. Mwaka 1859 mlowezi mmoja wa Victoria aitwaye Thomas Austin aliletewa sungura wachache kutoka Uingereza apate wa kuwinda. Katika muda wa nusu karne wazao wao walikuwa wameenea sehemu kubwa ya bara hilo. Magharibi mwa nchi serikali ikajenga ua wa waya wenye urefu wa kilomita 1,800 na zaidi, ukakamilika mwaka 1907. Lakini sungura walikuwa wamekwisha kupita kabla ya ua kumalizika. Ua mdogo uliojengwa mapema, hata wa fito nne kuzunguka chungu, una faida kuliko ua mrefu uliojengwa kwa kuchelewa.

Hapa kwetu Kenya kuna mfano wa kutia moyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa ndovu hukimbia wanaposikia sauti ya nyuki waliochokozwa. Mtafiti Lucy King na wenzake waliitumia hofu hiyo huko Sagalla, karibu na Voi, wakazungushia mashamba mizinga iliyounganishwa kwa waya. Ndovu akiugusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Mkulima hulinda mahindi yake, hurina asali, na ndovu huondoka mzima. Siri ya uzio huo ni kwamba aliyeutunga alianza kwa kumsoma mnyama: anapenda nini, anaogopa nini, anapita wapi. Katika Lamu tunao watu waliokuwa mabingwa wa elimu hiyo kabla yetu sote, nao ni Waboni, ambao waliishi kwa kuwinda na kurina asali mpaka uwindaji ulipopigwa marufuku nchini mwaka 1977. Mzee wa Kiboni anayeusoma unyayo ni maktaba, na mwalimu mwenye busara atamwalika darasani kabla maktaba hiyo haijafungwa.

Nawaelekea walimu kwa sababu mlango umekwisha kufunguliwa. Somo la kilimo katika shule za msingi, chini ya mtaala wa umilisi, limemtaka mwanafunzi ajifunze kuishi vyema na wanyamapori na kuwazuia wale waharibifu bila kuwadhuru. Kwa mtoto wa Nairobi huenda hiyo ikawa sura ya kitabu tu. Kwa mtoto wa Amu, Pate au Mkomani ni habari ya mlangoni kwao. Mpe kila mwanafunzi chungu kimoja na daftari moja. Aandike kila asubuhi: nini kimeliwa, kimeliwa vipi, alama gani zimeachwa, saa ngapi. Kikundi kimoja kitandaze makombe, kingine kisitandaze. Kimoja kitundike, kingine kiache chini. Mwisho wa muhula wasome matokeo mbele ya wazazi, na miongoni mwa wazazi hao wamo wenye punda. Mtoto anayesema kwa ushahidi mbele ya baba yake ana nguvu kuliko safu kumi kama hii.

Najua jibu nitakalopewa na baadhi ya wasomaji. Watasema kuwa Uislamu umemwahidi mwenye kupanda thawabu ya sadaka kwa kila kinacholiwa na mtu, ndege au mnyama katika mmea wake; basi yule mama na asubiri, amekwisha kupata fungu lake. Hadithi hiyo ni kweli, ni mashuhuri, na ni faraja kubwa kwa kila aliyeamka akakuta kijiti kitupu. Lakini faraja ya aliyedhulumiwa haikuwa kamwe udhuru wa aliyedhulumu. Mama yule ataokota vigae, atatafuta udongo, atapanda tena, na thawabu yake iko kwa Mola wake. Mwenye punda, aliyemwachia mnyama wake na njaa akaenda kulala, anadai fungu gani hapo?

Basi wewe mwenye ua, linyanyue ua lako kabla ya jua kuchwa. Nawe mwenye punda, mpe mnyama wako mganda wake wa majani, kisha umfunge, ndipo ukalale.